Kutoka Longido hadi Versailles: Nafasi ya Tanganyika katika Kumalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia

Novemba 25, 1918, siku 14 baada ya mapigano kusimamishwa barani Ulaya, majeshi ya Ujerumani ya Afrika Mashariki yaliweka silaha chini katika mji wa Abercorn, ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa amebakiwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168, pamoja na wapagazi na wanawake walioandamana na jeshi hilo. Hivyo mapigano ya vita iliyoanza Ulaya mwaka 1914 yalifikia mwisho mikononi mwa watu ambao wengi wao walikuwa wenyeji wa ardhi ambayo leo ni Tanzania.

Vita katika ukanda wa wafugaji

Mapigano yalifika mapema kaskazini mwa nchi. Novemba 3, 1914, wakati Waingereza wakijaribu kuiteka Tanga, kikosi kingine kiliushambulia Mlima Longido na kurudishwa nyuma. Machi 1916, Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini aliongoza uvamizi mkubwa kutoka upande wa Kenya. Askari wake waliingia Arusha, wakauteka mlima wa Lolkisale, kisha wakaelekea Kondoa Irangi.

Ukanda huo, ambao leo una Wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro, ikiwemo Kata ya Arash katika Tarafa ya Loliondo, ulikuwa tayari umegawanywa na mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1886. Vita ilibadili mtawala, mpaka haukuondoka. Hata pande zote mbili zilipokuwa chini ya Waingereza, jamii ya Wamaasai iliendelea kugawanyika kati ya Kenya na Tanganyika. Ndani ya Kreta ya Ngorongoro, mashamba ya Wajerumani wa familia ya Siedentopf yalitaifishwa kama mali ya adui.

Mzigo wa wapagazi

Waliolipa gharama kubwa zaidi hawakubeba bunduki. Kwa kuwa mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe wa kukokota, na reli zilikuwa chache, chakula na risasi vilibebwa vichwani. Upande wa Waingereza peke yake uliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na vitabu vya historia hutaja vifo takribani 95,000 miongoni mwao. Wengi walikufa kwa malaria, kuhara na njaa, si kwa risasi. Wajerumani nao waliwalazimisha wananchi kubeba mizigo na kuchukua nafaka na mifugo yao.

Katika Ugogo, kunyang'anywa chakula na kukosekana kwa mvua kulizaa njaa kubwa iliyojulikana kama Mtunya. Kabla watu hawajapumua, homa ya mafua ya mwaka 1918 iliingia na kuongeza misiba. Jina la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, limetokana na matamshi ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi kilichopiga kambi eneo hilo.

Meza ya amani

Mkataba wa Versailles ulitiwa saini Juni 28, 1919. Kwa mkataba huo, Ujerumani ilipoteza makoloni yake yote. Rwanda na Burundi ziliwekwa chini ya Ubelgiji, eneo dogo la Kionga, kusini mwa mto Ruvuma, likapewa Ureno, na sehemu iliyobaki ikawa chini ya Uingereza, ikaitwa Tanganyika kuanzia mwaka 1920. Wananchi wa Tanganyika hawakuwa na mwakilishi katika mazungumzo hayo.

Hata hivyo, mkataba ulileta jambo jipya. Nchi hiyo haikufanywa koloni la kawaida, bali eneo la udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa. Smuts, aliyepigana katika ardhi hiyo, ndiye aliyetoa mapendekezo ya udhamini Desemba 1918, ingawa hakuyakusudia kwa makoloni ya Afrika. Rais Woodrow Wilson wa Marekani ndiye aliyesukuma yajumuishwe. Kwa masharti yaliyothibitishwa Julai 1922, Uingereza ilipaswa kukomesha biashara ya watumwa, kuzuia kazi za kulazimishwa isipokuwa kwa shughuli muhimu za umma zenye malipo, na kutoa taarifa kila mwaka kuhusu utawala wake.

Kutoka udhamini hadi uhuru

Utekelezaji wa masharti hayo haukuwa kamili, lakini msingi wa kisheria ulibaki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, ambayo askari wa Tanganyika walipigana hadi Burma, Umoja wa Mataifa ulichukua nafasi ya Shirikisho, na Desemba 13, 1946 Tanganyika ikawekwa chini ya Baraza la Udhamini. Baraza hilo lilipokea malalamiko ya wananchi na kutuma wajumbe kukagua hali ya nchi.

Mlango huo ndio aliopitia Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Rais wa TANU, alipohutubia Baraza hilo jijini New York Machi 1955 na kudai nchi iandaliwe kujitawala. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961, na siku tano baadaye ikawa mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Nchi ambayo hatima yake iliamuliwa Versailles bila sauti ya watu wake ikawa na kiti chake katika chombo cha amani cha dunia.

Kumbukumbu ya waliopoteza maisha ingalipo. Sanamu ya Askari, katikati ya Dar es Salaam, ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka wanajeshi na wapagazi Waafrika, na Julai 25 ya kila mwaka Taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa. Makaburi ya wanajeshi wa vita hiyo yanatunzwa Moshi, Tanga, Iringa na Dar es Salaam. Wapagazi walio wengi hawana makaburi yanayojulikana.