Kivinjari Kilichovaa Nguo za Ugenini



Mwaka 2003, nikiwa ningali mwanafunzi wa stashahada ya uandishi wa habari, niliingia katika mgahawa mmoja wa intaneti kupakua ripoti niliyokuwa nimetumiwa. Mwenye mgahawa alikuwa ameweka Linux ili kukwepa gharama za leseni. Madirisha yote ya kompyuta ile yalikuwa na desturi moja: kitufe cha kukubali hukaa kulia kabisa. Lakini kivinjari, yaani ile programu ya kusomea tovuti, kilikuwa na desturi yake chenyewe: kulia ni kughairi. Nami kwa mazoea nikabofya kulia. Nilifika studio na disketi tupu, na mhariri wangu hakutaka kusikia habari za vitufe.

Kumbe ugomvi ule wa vitufe ulikuwa na historia, tena historia nzito.

Mnamo Oktoba 1996 kijana wa Kijerumani, Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tübingen, alitoa wito kwa wataalamu wenzake. Alichoshwa na kompyuta za Unix ambazo kila programu ilikuja na sura yake, menyu zake na hata namna yake ya kushuka ukurasa. Akaanzisha KDE, mazingira ambamo kila kitu kingefanana. Tatizo ni kwamba alijengea juu ya Qt, zana za kampuni ya Trolltech ya Norway, ambazo leseni yake wakati huo haikuwa huru vya kutosha. Kwa sababu hiyo, Agosti 1997 vijana wawili wa Mexico, Miguel de Icaza na Federico Mena, wakaanzisha mradi wao, GNOME, kwa zana nyingine ziitwazo GTK. Basi nyumba ikawa na vyumba viwili, kila kimoja na rangi yake ya ukutani.

Sasa mwingize mgeni. Tarehe 31 Machi 1998 kampuni ya Netscape, ikibanwa koo na Microsoft, ilitoa hadharani msimbo wa kivinjari chake, na mradi ukaitwa Mozilla. Watu wa Mozilla walitaka kivinjari kimoja kifanye kazi kwenye Windows, Macintosh na Unix bila kuandikwa mara tatu. Njia waliyoichagua ni kujichorea vitufe na menyu zao wenyewe. Kwa hesabu za fundi, huo ulikuwa uamuzi wa busara. Kwa mtumiaji wa Linux, kivinjari, programu anayoitazama kutwa nzima, kikawa ndicho pekee kisichofanana na nyumba.

Hapo ndipo njia zilipoachana. Upande wa GNOME, Mwitaliano Marco Pesenti Gritti alianza Galeon mwaka 2000. Aliazima kwa Mozilla injini tu, ile sehemu inayochora kurasa, akaivika vitufe vya GNOME. Baadaye wenzake wakataka mipangilio izidi kuongezwa. Yeye akataka ipunguzwe. Akajitenga na kuanzisha Epiphany, ambacho Septemba 2003 kikawa kivinjari rasmi cha GNOME. Galeon kikafifia.

KDE hawakuazima. Waliandika injini yao wenyewe, KHTML, ambayo Lars Knoll aliifuma upya mwaka 1999, wakaitia katika Konqueror, kilichotoka na KDE 2 Oktoba 2000. Wengi waliwacheka: watu wachache wa kujitolea washindane na Netscape na Microsoft, kisa eti kivinjari kifanane na kompyuta? Nakiri kwamba ningekuwapo, nami ningecheka.

Lakini Januari 2003 kampuni ya Apple ilipotangaza Safari, dunia ikapigwa na butwaa. Injini yake ilikuwa imetokana na KHTML. Mhandisi wa Apple aliwaandikia watu wa KDE kwamba waliipenda kwa sababu ilikuwa safi na ndogo, mistari isiyofika 140,000. Apple wakaiita WebKit. Google wakaichukua kwa ajili ya Chrome mwaka 2008, wakaichepusha mwaka 2013 na kuiita Blink. Epiphany nacho kiliiacha injini ya Mozilla na kuhamia WebKit mwaka 2009. Simu yako hiyo mfukoni, iwe ya Android au iPhone, ina mjukuu wa kazi ile ya watu waliotaka vitufe vifanane tu.

Na KDE wenyewe walipata nini? Leseni ya KHTML iliwalazimu wakubwa kuuacha wazi msimbo wa injini, na waliuacha. Ila kasi ya kampuni yenye mishahara haifuatiki na mtu anayeandika usiku baada ya kazi. Mwaka 2024, KDE ilipotoa toleo la sita la maktaba zake, KHTML haikuwamo tena. Konqueror sasa kinachora kurasa kwa injini inayotoka kwa Google.

Juzi nilifungua Chrome kwenye Linux ya kijana wangu, nikaingia kwenye mipangilio ya sura. Kiliniuliza kama nataka kivae rangi za GTK au za Qt.