Boti ya kwenda Unguja: ubebe nini, ujiandae vipi

Wadau, kila likizo ikikaribia maswali ni yaleyale: boti ya Unguja inapandwaje, nibebe nini, nitatapika au vipi? Wenye nazo wanapanda zile meli za kitalii kubwa kama ghorofa, zenye bwawa la kuogelea ndani, ambazo baadhi yake huwa zinatia nanga Zanzibar na Mombasa. Sisi wengine meli yetu ya kujirusha ni hiyo ya Dar mpaka Unguja, kama masaa 2 kwa boti za mwendo kasi, tunakula urojo siku mbili tatu halafu tunarudi mjini kuendelea na msoto. Sio mbaya. Ila bahari haiangalii umelipa shilingi ngapi. Haya hapa ni mambo ya msingi, anza nayo kabla hujaanza kukunja nguo.

1. TIKETI YENYE JINA LAKO

Hili nimeliweka namba moja makusudi. Nunua tiketi ofisini kwa kampuni yenyewe, kwa wakala wake anayejulikana au kwenye tovuti yake. Pale nje ya bandari ya abiria vishoka ni wengi na wana maneno matamu, utaambiwa "boti imejaa, mimi ninayo moja, nipe fasta". Usikubali. Tiketi iliyoandikwa jina la mtu mwingine ni hasara hata kama inapita getini.

Kwa nini? Kwa sababu jina la kwenye tiketi ndilo linaloingia kwenye orodha ya abiria, na chombo kikipata matatizo hiyo orodha ndiyo wanayoishika waokoaji na ndugu zako. Tuna historia mbaya hapo:

- MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, daraja la tatu hawakuwa nayo. Makadirio mengi ya waliokufa yanazidi 800, lakini idadi kamili mpaka leo ni ya kukisia.
- MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba abiria kama 600. Tume iliyochunguza ilisema waliokuwemo walizidi 2,000.
- MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar kwenda Unguja, njia hiihii tunayoizungumzia.
- MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228.

Fikiria mama amekaa anasubiri habari ya mwanawe, anasoma karatasi yenye majina, la mwanawe halimo. Hajui alie au asubiri. Sasa basi, tiketi iwe na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho. Kama unasafiri na mtoto, hata mchanga wa kubebwa, hakikisha naye ameandikwa.

Halafu mtumie mtu wa nyumbani meseji: jina la boti, saa ya kuondoka, unategemea kufika saa ngapi. Meseji moja tu.

2. VITAMBULISHO

Mtanzania huhitaji pasi ya kusafiria kwenda Zanzibar, lakini kitambulisho lazima: cha NIDA, leseni, kadi ya mpiga kura au pasi kama unayo. Kipige picha uitunze kwenye barua pepe yako, ili hata simu ikiibiwa utaipata kwenye kafe yoyote.

Kama una rafiki anakuja kutoka nje ya nchi, mwambie mapema kwamba tangu Oktoba 2024 wageni wanatakiwa kukata bima ya Shirika la Bima Zanzibar kabla ya kuingia. Mtu mzima analipa dola 44. Bima ya huko kwao haichukui nafasi ya hii.

3. BEGI

Begi la mgongoni linatosha. Mikono yako inabaki huru kushika ngazi na chuma, na hilo ni muhimu kuliko unavyodhani. Mzigo mkubwa unawekwa mbali na wewe, kwa hiyo simu, pesa, dawa na kitambulisho vikae kwenye kibegi kidogo ulichokivaa.

Bebeni hivi:

- Nguo za kubadilisha, za siku mlizopanga tu. Jua la kule linakausha fasta.
- Suruali au sketi ndefu na kitu cha kufunika mabega. Mji Mkongwe sio kijiweni, watu wanaishi kwa heshima zao. Nguo za kuogelea mwisho wake ufukweni.
- Kanga au kitenge. Ni shuka, ni taulo, ni pazia, ni kizuia upepo.
- Makobazi au raba za kuingia nazo majini, maana fukwe nyingi zina mawe na miiba.
- Sweta jepesi. Ndani ya boti kiyoyozi hakina huruma, na nje upepo unakata.
- Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, la kuwekea simu na karatasi zisilowe. Mifuko ya plastiki usibebe, ni marufuku Zanzibar na Bara pia.
- Pesa taslimu. Mashine za kutolea pesa Mji Mkongwe zipo, ukienda vijijini pwani ya mashariki ni chache.

Kama unakwenda mwezi wa Ramadhani, panga chakula chako mapema. Mchana kula au kunywa hadharani ni kukosa adabu.

4. UPEPO NA KICHEFUCHEFU

Kuna misimu miwili mikubwa. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, kusi inaanza kama Aprili na inakuwa kali Juni na Julai. Wakati wa kusi, kwenda Unguja upepo unakusukuma kwa nyuma, kurudi Dar unaukabili usoni. Ndiyo maana kuna watu wanakwenda wanacheka na kurudi wamekumbatia mfuko.

Cha kufanya: usipande na njaa, na usipande umeshiba supu na chapati za mafuta. Kula kitu kikavu kidogo. Chai ya tangawizi inawasaidia wengi. Dawa za kichefuchefu zipo famasi, muulize mfamasia inayokufaa, na unywe kabla ya boti kuondoka, ukisubiri mpaka tumbo limechafuka umechelewa. Kaa katikati ya boti, sehemu ya chini, ambako haichezi sana. Angalia mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Na hiyo simu iweke mfukoni, kusoma meseji kwenye mawimbi ni kujitafutia.

5. UKISHAPANDA

Kabla hujaanza kupiga picha fanya mambo matatu. Tazama jaketi la kujiokolea liko wapi na linafungwaje. Hesabu siti kutoka ulipo mpaka mlangoni, kwa sababu kwenye giza au moshi utapapasa kwa hesabu hiyo. Sikiliza maelezo ya mabaharia, hata kama umeshayasikia mara kumi.

Boti ikiyumba usikimbilie upande mmoja na wenzako. MV Nyerere ilielezwa kwamba ilipinduka abiria waliposogea upande mmoja wakati wa kukaribia gati.

Na hili ndilo gumu kuliko yote: ukiona chombo kimejaa mpaka watu wamesimama kwenye ngazi, SHUKA. Ndiyo, nauli inauma. Ndiyo, wenzako watakucheka. Nauli inatafutwa.

6. UKIFIKA

Utashukia bandari ya Malindi, pembeni tu ya Mji Mkongwe. Mapapasi watakupokea kama ndugu wa siku nyingi. Salimia vizuri, sema ahsante, endelea na safari yako. Kama unakwenda Paje au Jambiani, uliza kwanza saa za maji kujaa na kupwa. Maji yakitoka yanatoka kweli, unaweza ukakuta bahari iko mbali kama uwanja wa mpira mara kadhaa.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Tiketi yenye jina lako. Kitambulisho. Meseji kwa mtu wa nyumbani. Dawa zako. Pesa. Sweta. Kanga. Kingine chochote utakikuta Darajani sokoni.

Wadau mliosafiri karibuni na wenyeji wa Unguja, ongezeeni hapo chini nilichokiacha. Safari njema, na mrudi salama.