Mtungi wa Ladi Kwali

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Darasani huwa tunaeleza maana ya methali hii na kuishia hapo. Ni vyema tumtazame pia mfinyanzi mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Mwingereza Michael Cardew alianzisha kituo cha ufinyanzi huko Abuja, mji wa Nigeria ambao sasa huitwa Suleja. Alifundisha kutumia gurudumu na tanuri. Mwaka 1954 alijiunga naye Ladi Kwali, mwanamke wa kwanza kituoni, aliyekuwa amefundishwa kazi na shangazi yake. Mitungi yake mikubwa hakuifinyanga kwa gurudumu. Alipandisha kamba nene za udongo, moja juu ya nyingine, huku yeye akiuzunguka mtungi, kisha akachora mijusi na nyoka.

Kijijini mtungi ulichomwa kwa moto wa wazi. Maji yalipenya kidogo kidogo na kuupoza. Kituoni ulipakwa dawa inayogeuka kioo katika joto la zaidi ya nyuzi 1,200. Mwaka 1958 ulionyeshwa London ukasifiwa, lakini haukupoza maji tena.

Mwaka 1974 Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alikwenda kujifunza kituoni humo. Vyungu vilivyompa sifa duniani amevifinyanga kwa mkono, bila gurudumu wala dawa ya kioo. Hivyo basi, tunapoisimulia historia ya kituo hicho, tusiishie kwa mwanzilishi. Tumtaje na shangazi wa kijijini Kwali.