Alizeti: mbegu iliyorudi kwao na mafuta

Leo ni historia ya alizeti, ile wengi wetu tunaita turnesoli.

Kwao ni Amerika ya Kaskazini. Wenyeji wa kule waliilima tangu zaidi ya miaka 4000, wakasaga mbegu kuwa unga. Karne ya 16 Wahispania wakaileta Ulaya, lakini ikabaki ua la bustani tu. Urusi ndiyo iliifanya kuwa zao la mafuta. Juu ya nini? Waortodoksi wakifunga hawakuli siagi wala mafuta ya nyama. Ya mimea wanaruhusiwa. Mwaka 1829 Daniil Bokarev, mtumwa wa shamba la tajiri, akaanza kuyakamua.

Ila mbegu ilikuwa na mafuta karibu 30% tu. Kuanzia 1912, kule Krasnodar, Vasily Pustovoit alichagua vichwa bora. Sehemu ya mbegu za kila kichwa alipanda, sehemu akaweka akiba. Uzao ukionyesha mafuta mengi, ile akiba yake ndiyo ilizalishwa. Hakuna muujiza: mizani, daftari na uvumilivu. Mafuta yakapita 50%. Miaka ya 1960, aina yake Peredovik ikapandwa Marekani, kwao kwa zamani.

Siye tunafanya kinyume. Mimi mwenyewe, na diploma yangu ya agronomia, niliuzisha vichwa vizuri vyote, nikapanda mabaki. Msimu uliofuata nikavuna haya.

Wandugu, kama mbegu yenu haiko hibridi, chagueni kwanza, kisha muuze.