Mpira Uliotoka, Tairi Lililorudi: Magurudumu katika Bonde la Kilombero

Bonde la Kilombero, lililotandaa kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki, liliuza mpira kabla halijanunua tairi hata moja, na maelezo yoyote ya namna wakazi wa mji wa Ifakara walivyochagua cha kuvalisha magurudumu yao hayana budi kuanzia hapo. Katika misitu ya pembezoni mwa bonde hilo humea mtoria, mmea utambaao ambao ni jamaa wa mbungo na ambao gome lake likichanjwa hutoa utomvu mweupe. Wachumaji waliugandisha utomvu huo kwa chumvi au maji ya ndimu, wakauviringa kuwa matonge, na matonge hayo yakapelekwa pwani kwa vichwa vya wapagazi. Mwanahistoria Jamie Monson, aliyeichunguza biashara hiyo katika bonde lenyewe kuanzia mwaka 1890 hadi 1914, ameonyesha jinsi ilivyofungamana na kuingia kwa utawala wa Kijerumani.

Chanzo cha hamu hiyo ya mpira kilikuwa mbali sana na Ifakara. Mwishoni mwa miaka ya 1880 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu, na katika miaka michache Ulaya na Marekani zikashikwa na homa ya baiskeli, hivyo kwamba utomvu uliochumwa Mahenge ukawa na soko miongoni mwa watu ambao wasingeweza kuionyesha Mahenge kwenye ramani. Soko hilo lilivunjika mwaka 1913, wakati mpira wa mashamba makubwa ya Asia ya Kusini-Mashariki, uliopandwa kwa safu na kugemwa kwa gharama ndogo, ulipofurika duniani na bei ikaporomoka. Lugha nayo imehifadhi kumbukumbu ya biashara hiyo kwa njia yake, kwa kuwa neno mpira hadi leo hubeba pamoja mti, utomvu, kitu cha kuchezea na kile kinachozunguka chini ya chombo.

Gurudumu lililokuja kutawala bonde lilikuwa la baiskeli, na sababu yake ni umbo la nchi: tambarare ya Ifakara haina vilima vya kumchosha mwendeshaji, huku mashamba ya mpunga yakiwa mbali na makazi na magari yakiwa machache. Raleigh za Kiingereza zilitangulia wakati wa ukoloni, kisha baada ya uhuru zikaja Phoenix kutoka China na Swala zilizotolewa na kiwanda cha taifa jijini Dar es Salaam. Baiskeli nyingi za aina hiyo zilivaa tairi la inchi 28 kwa moja na nusu, maana yake ni kipenyo na unene wake, kwa hiyo mnunuzi hakuwa na la kuchagua katika ukubwa, bali alitazama ugumu wa ukuta wa pembeni, ambao ndio hupasuka kwanza baiskeli inapobeba magunia.

Katika miaka ya mwanzo ya 1980, nchi ilipoishiwa fedha za kigeni, hata uchaguzi huo mdogo ulitoweka. Tanzania ilikuwa na kiwanda chake cha matairi ya magari, General Tyre cha Arusha, ambacho serikali ilikimiliki kwa ubia na kampuni ya Kimarekani na ambacho kilianza uzalishaji mwaka 1971, lakini kiwanda nacho kilihitaji malighafi za kununuliwa nje. Vijijini, tairi lililopasuka lilishonwa kwa uzi, likawekewa kiraka cha ndani kilichokatwa kwenye tairi kuukuu, likarudishwa barabarani. Ni vigumu kuita hali hiyo uchaguzi, ingawa mafundi waliopita humo ndio waliojua kwa vidole vyao muundo wa tairi, yaani tabaka za nyuzi zilizofunikwa mpira, kuliko muuzaji yeyote wa leo.

Pikipiki kwa muda mrefu ilikuwa chombo cha mapadri, wauguzi na mabwana shamba. Iligeuka kuwa chombo cha wengi pale mashine za bei nafuu kutoka China na India zilipoenea katika muongo wa kwanza wa karne hii, na kanuni za mwaka 2010 zikaruhusu rasmi pikipiki kusafirisha abiria kwa malipo. Hapo ndipo fundi pancha wa Ifakara alipolazimika kusoma namba. Tairi lililoandikwa 3.00-18 lina unene wa inchi 3 na huvaa ringi, yaani duara la chuma lishikalo tairi, yenye kipenyo cha inchi 18. Pikipiki ya Boxer kutoka India huvaa ringi ya inchi 17, na kwa sababu hiyo haiwezi kuazima tairi la pikipiki nyingi za Kichina. Alama ya PR hutaja nguvu ya mwili wa tairi kwa kipimo cha tabaka, na wabeba mizigo huitazama kabla ya bei. Namba nne za mwisho za alama ya DOT, pale inapokuwepo, hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, jambo lenye uzito katika duka lenye joto, ambako mpira huzeeka na kukakamaa rafuni bila kutembea hata kilomita moja.

Swali gumu zaidi, hata hivyo, halikuwa la namba bali la ardhi. Sehemu kubwa ya bonde ni mbuga, neno ambalo katika habari za udongo humaanisha mfinyanzi mweusi unaofurika masika na kupasuka nyufa kiangazi, na juu yake hupita barabara za kifusi chekundu kuelekea Malinyi na Mlimba. Katika tope hilo tairi lenye kashata, yaani vinundu vikubwa vilivyoachana, hujitafunia njia na kujisafisha linapozunguka, ilhali tairi la mistari myembamba hujaa udongo na kuwa laini kama kipara. Juu ya lami mambo hugeuka: kashata hutetemesha usukani, hugusa barabara kwa eneo dogo wakati wa breki, na huisha upesi. Kwa miaka mingi mjadala huu ulikuwa mfupi, kwa sababu lami ilikuwa mbali, na Mto Kilombero ulivukwa kwa pantoni. Lakini Daraja la Magufuli juu ya mto huo, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa mwaka 2018, na lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, ikazinduliwa mwaka 2024, na tangu hapo chombo kimoja huweza kukimbia kwenye lami asubuhi na kuzama topeni jioni.

Inafaa kukumbuka kwamba wamiliki wa pikipiki kubwa za mwendo mrefu huko Ulaya, ambao tairi lao la nyuma huandikwa mathalani 180/55 ZR17, hukabiliwa na fumbo la aina hiyohiyo, kwani hutaka mshiko wa konani na maisha marefu kwa pamoja, na viwanda huwajibu kwa mpira mgumu katikati na laini pembeni. Bonde la Kilombero lilijijibu bila kiwanda: kashata nyuma, ambako injini husukuma na mzigo hukalia, na mistari mbele, ambako usukani huhitaji utulivu. Tairi la nyuma huisha kwanza, nalo hubadilishwa peke yake.

Kiwanda cha Arusha kilifungwa mwaka 2009, na matairi yanayovaliwa Ifakara huvuka bahari kuja, ingawa Kalunga, ndani ya Kilombero yenyewe, lipo shamba la mpira la Shirika la Maendeleo la Taifa. Tairi lililokwisha kabisa hukatwa kuwa katambuga, na tyubu yake huchanwa kuwa mikanda mirefu ya kufungia magunia ya mpunga kwenye keria.