Mzani Ulio Wazi: Kutoka Pamba ya Usukuma hadi Linux

Msimu wa pamba ukifunguliwa Bariadi, mkoani Simiyu katika nchi ya Usukuma, macho yote huwa kwenye mzani. Mkulima hutundika furushi lake kwenye ndoano, karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha msingi cha wakulima, hutaja kilo kwa sauti, na mkulima naye hunyoosha shingo asome mwenyewe.

Kunyoosha shingo huko kuna historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Usukuma waliwashuku wanunuzi kuwa wanawapunja, wakaweka wapimaji wao. Vikaota vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya Paul Bomani, ambalo baadaye lilimiliki viwanda vyake vya kuchambua pamba. Mkulima hakuomba kupimiwa bure. Alichodai ni haki ya kuukagua mzani.

Miongo mitatu baadaye dai hilohilo lilizuka kwenye kompyuta. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani programu ya msingi inayogawa kumbukumbu, kusimamia diski na kuziamuru programu nyingine. Makampuni yaliuuza kama mzani uliopigwa lakiri: unalipia leseni, ndani huchungulii. Tanzania ilikwisha kuonja adha ya mitambo ya kuletewa. Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza nchini mwaka 1965. Mfumo wa hesabu za Serikali ulipokwama, mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta.

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuunda mfumo ambao yeyote angeweza kuusoma na kuurekebisha. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, akatoa Linux, kiini cha mfumo endeshi wa aina hiyo, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya GPL, leseni ya mradi wa GNU. Sharti lake ni fupi: tumia, soma, badilisha, ila ukiwagawia wengine ulichobadilisha, wape na msimbo wake, yaani maandishi ambayo programu imetungwa kwayo.

Makampuni makubwa hayakuipokea Linux kwa shangwe. Mara nyingi mafundi waliipenyeza kimyakimya, kwenye seva za tovuti na barua pepe, kabla wakubwa hawajajua. Mwaka 1999 kampuni ya Red Hat iliingia soko la hisa kwa biashara iliyowashangaza wengi: programu ni huria, kinacholipiwa ni huduma na dhamana. Desemba 2000 IBM ilitangaza kutumia dola bilioni 1 kwa ajili ya Linux katika mwaka uliofuata. Mwaka 2019 ikainunua Red Hat yenyewe kwa dola bilioni 34.

Soko la Hisa la London nalo lilikuwa na mfumo wa biashara uliojengwa juu ya Windows. Tarehe 8 Septemba 2008 biashara ilisimama kwa takriban saa saba. Mwaka uliofuata soko hilo likainunua kampuni ya MillenniumIT ya Sri Lanka, na Februari 2011 likahamia kwenye mfumo wake unaotumia Linux. Kisu kilinolewa Colombo, kikakata London.

Kwetu Tanzania mlango wa programu huria ulikuwa lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Kisha ikaja DHIS2, mfumo huria wa takwimu za afya wenye asili ya Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao seva zake kwa kawaida hufungwa Linux. Simiyu ilitangazwa kuwa mkoa Machi 2012, wakati mfumo huo unasambazwa nchini. Leo muuguzi wa zahanati anajumlisha wajawazito kwenye kitabu cha MTUHA, rejista ya taarifa za afya, takwimu zinapanda wilayani, zinaingizwa kwenye DHIS2. Na mkulima mwenye simu ya Android mfukoni ana kiini cha Linux humo, hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Lakini Usukuma unajua pia upande wa pili wa mali ya wote. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Viliporudi miaka ya 1980 madeni yaliviandama, na biashara huria ya pamba ya mwaka 1994 ikavikuta hoi. Programu huria nayo ilipata fundisho lake Aprili 2014. Kasoro iliyoitwa Heartbleed iligunduliwa ndani ya OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya mtandaoni, na ikabainika kwamba mzigo ulioegemewa na makampuni tajiri duniani ulibebwa na watu wachache mno. Ndipo makampuni yakaanza kuchanga kupitia Linux Foundation.

Kwa hiyo uwazi peke yake haumlindi mtu. Wakulima wa miaka ya 1950 walishinda kwa sababu walimweka mpimaji wao pale penye ndoano, mtu anayejua kusoma kilo. Simiyu ya leo inahitaji vijana wanaojua kusoma msimbo kama wale walivyojua kusoma mzani. Wasipokuwepo, kioo cha mzani kitabaki wazi mchana kutwa, na karani atataja kilo anazotaka.