Boriti za Rufiji na Barabara ya Kibiti

Apitaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, akainua macho penye nyumba iliyobomoka, huona ncha za miti zimejitokeza ukutani, zimepangana kama vidole. Hizo ni boriti, na nyingi katika hizo zilikatwa katika mikoko ya Rufiji. Zilitiwa majahazini kwa korija, zikasafiri hadi Unguja, na upepo wa kusi ukazichukua nyingine mpaka Maskati, Bahrain na Kuwait, nchi zisizo na miti ya kujengea. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Fundi hakuweza kutandaza dari pana kuliko mti wake, na mti huo hauzidi sana mita 3. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba, Unguja kama Lamu.

Kichochoro, kwa upande wake, hakikupimwa kwa boriti. Kilipimwa kwa kivuli na kwa ujirani. Kuta mbili zikikaribiana, jua la saa sita halifiki chini ila kwa dakika chache, na mtu aliyebeba kapu la samaki hupishana na mwenzake kwa kusalimiana, kwa kuwa hapana namna ya kupishana bila ya kusalimiana. Mbele ya mlango pana baraza ya mawe. Lugha yenyewe imeipa heshima baraza hiyo, kwani neno hilo hilo huitwa kiti cha nje na mkutano wa wenye kushauriana. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001, na katika yote mawili kilichosifiwa ni pamoja na njia hizo ambazo gari haliwezi kuzipita.

Basi delta ya Rufiji imesaidia kuezeka miji ya waendao kwa miguu, lakini mji mkubwa ulio jirani nayo umejengwa juu ya barabara ya magari. Mji huo ni Kibiti.

Si kwamba watu wa Rufiji hawakujua njia. Njia yao ilikuwa maji. Katika bonde na delta familia ziliishi zimetawanyika kando ya mashamba ya mpunga, nyingine zikilala katika madungu yaliyoinuliwa juu ya nguzo, na mtumbwi ndio uliokwenda sokoni, harusini na mazikoni. Mafuriko yalikuwa mgeni anayetarajiwa. Yaliharibu, lakini yaliacha udongo mpya. Mwaka 1968 yalipokuja makubwa, serikali iliona ni wakati wa kuwahamisha watu wa bondeni wende sehemu za juu, na ikafuata Operesheni Rufiji, miaka michache kabla ya Operesheni Vijiji kuenea nchi nzima. Wengi walipata shule na zahanati karibu nao. Walipata pia kitu ambacho hawakuwa nacho: nyumba zilizopangwa kwa mstari, zikitazama njia ya gari. Mashamba yalibaki bondeni, na hivyo mkulima akawa mtu wa kwenda na kurudi. Mwaka 2024, maji yalipoifunika tena Rufiji na Kibiti, safari hiyo ya kupanda juu ilirudiwa na watu wengine.

Hata hivyo, kwa miaka mingi barabara ya Kilwa haikuwa na haraka. Kusini ya Kibiti, penye Ndundu, mto ulisimamisha kila gari. Abiria waliteremka, wakangoja pantoni, wakanunua ndizi na samaki, na ikiwa masika yamechachamaa wakalala papo hapo. Mwaka 2003 daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970 hivi, lilifunguliwa. Hapana mtu wa kusini asiyelishukuru, na ni haki yake. Wagonjwa wa Lindi na Mtwara hawakufia tena ukingoni mwa mto kwa kungojea kivuko. Lami ilipokamilika katika kipande cha Ndundu hadi Somanga, muongo mmoja baadaye, lori lilianza kupita Kibiti kama linavyopita porini. Kibiti yenyewe ikawa makao makuu ya wilaya mpya iliyokatwa kutoka Rufiji, watumishi wakaongezeka, maduka yakaongezeka, na yote yakajipanga kando ya lami ile ile.

Hapo ndipo yalipokutana mambo mawili yasiyopatana. Kwa dereva, Kibiti ni sehemu ya safari. Kwa muuza korosho, mama lishe, fundi cherehani na mwanafunzi atokaye shule, Kibiti ndiyo mwisho wa safari, na lami ni kitu cha kuvukwa mara kumi kwa siku. Muuzaji hukimbia na sinia kichwani kuliwahi basi, hupandisha mkono dirishani, hupokea noti huku gurudumu limeanza kuzunguka. Kati ya ukingo wa lami na mlango wa duka hapana njia iliyotengwa kwa ajili ya mguu. Pana mchanga, pikipiki zilizoegeshwa, mtaro, na meza za biashara.

Sheria nayo ina neno lake. Hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaifanya mita 30. Kwa jumla ni mita 60, ambamo lami ya njia mbili huchukua sehemu ndogo tu. Mtanzania yeyote anajua alama nyekundu ya X ukutani. Aliyejenga ndani ya hifadhi yumo hatarini, na aliyetandika meza humo yumo hatarini zaidi, kwani meza haihitaji tingatinga. Mwishoni mwa mwaka 2021 wamachinga wa Dar es Salaam waliondolewa barabarani na kupelekwa katika masoko ya ndani. Wengine walirejea walikotoka, si kwa ukaidi, bali kwa kuwa mnunuzi hakuwafuata.

Mara nyingi shauri la miji ya namna hii huletwa katika sura mbili tu: ama pana barabara ivunje nyumba, ama pana nyumba zizibe barabara. Lakini Unguja yenyewe ina mfano wa tatu, ijapokuwa haukukusudiwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa michoro ya wataalamu wa Ujerumani Mashariki, nyumba za Ng'ambo zilivunjwa ili yajengwe maghorofa marefu ya Michenzani na njia pana baina yao. Wapenda vichochoro walisikitika, na walikuwa na sababu. Hata hivyo jioni ikifika uwazi ule hujaa watu: watoto na mpira, wauza urojo, wazee na bao. Upana uliotolewa kwa ajili ya gari umegeuzwa na wakaazi kuwa baraza kubwa.

Kwa hiyo mita 60 za Kibiti si adui. Zimekosa mgawanyo tu. Barabara kuu ni ya TANROADS, njia za ndani ni za TARURA tangu mwaka 2017, soko ni la halmashauri, na kipande cha mchanga anachokanyaga mwenda kwa miguu hakina anayekisemea. Yatoshayo si mambo ya fahari: njia ya miguu iliyoinuliwa juu ya usawa wa lami, matuta na kivuko penye shule na soko, kituo cha mabasi kilichorudishwa nyuma ili sinia lisikimbizane na gurudumu, safu ya miembe na mikorosho, ambayo ardhi ya pale inaijua, na mabaraza chini yake. Meza ya muuzaji ipewe alama yake ardhini, alipe ushuru wake, asiamke usiku akisikiliza gari la mgambo.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni anasa kwa mji mdogo. Wakumbuke mwaka 2017. Katika miezi ya mauaji yaliyoitia hofu Mkuranga, Kibiti na Rufiji, pikipiki zilikatazwa kutembea tangu jua kuzama, na nyakati za jioni njia zilizozoea watu zikabaki na ukimya. Utulivu uliporudi, wa kwanza kujulikana kwamba umerudi hakuwa lori, maana lori lina ratiba yake. Alikuwa ni mtu aliyetoka nje baada ya magharibi, akaweka koroboi yake juu ya meza, akaanza kukaanga mihogo kando ya lami.